Nini kilikufanya uwe mtoro CTC (kliniki ya dawa za VVU)? Tupeane uzoefu

Wakuu, naishi na VVU, dawa nilianza 2012. Hapo katikati nilipotea miaka miwili. Dawa ni bure na kituo hakiko mbali, kwa hiyo wanaosema tunaacha kwa ujinga wapite hapa wasome.

Kilichonitoa mimi ni benchi. CTC yetu ilikuwa na jengo lake peke yake, ukikaa pale kila anayepita anajua umefuata nini. Siku moja akapita wifi yangu. Nikajifanya nasubiri mtu, nikaondoka mikono mitupu. Mwezi uliofuata nikasema nitaenda ujao. Leteni yenu, msitaje kituo wala mtu.

Mzee wa Mwaloni: Sisi wavuvi wa dagaa tunafuata mwezi wa angani, kliniki inafuata kalenda. Tarehe yangu ikiangukia giza, usiku usio na mwezi, siendi, ndiyo siku za hela. Nikaomba dawa kisiwani, wakataka barua ya uhamisho. Barua iko kule nilikotoka! Siku hizi virusi vimeshuka, napewa dawa za miezi sita, natia kwenye begi naondoka.

Mama Wawili: Niligundulika kliniki ya wajawazito. Nilimeza kwa ajili ya mtoto, sikufikiria kingine. Alipoacha kunyonya, kipimo cha mwisho kikaonyesha yuko salama, nikaona kazi imekwisha. Isitoshe mume hakujua, na vile vidonge vinavyolia kwenye kopo! Nilikuwa najaza pamba.

Kijana wa Bodaboda: Mimi niliombewa, nikaambiwa nimepona. Mwaka haukuisha, TB.

Nesi Mstaafu: Niko upande wa pili wa meza. Ukipitisha siku 28 baada ya tarehe yako tunakuhesabu mtoro, tunapiga simu. Anapokea shemeji, nawe huwezi kusema unapiga kutoka wapi. Wengine tunakuja kugundua wamejihamisha kimyakimya, wanameza vizuri tu kituo kingine, huku kwetu bado ni watoro. Ila nikiri, wapo tuliowafukuza kwa mdomo wetu. Mtu anarudi baada ya miezi, unampokea kwa kufoka mbele ya foleni. Harudi tena.

Mama Wawili: Nesi umesema kweli, mimi mara ya kwanza niliishia getini.

Mwanzisha uzi: Hapo kwenye kufokewa ndipo nilipokwama. Kikohozi na kuharisha nilivumilia, lile swali la "ulikuwa wapi?" ndilo sikuliweza. Siku niliyorudi nilikuwa nimeshaandaa uongo wa safari. Mezani nikamkuta mama mmoja mtoa ushauri, naye anaishi na VVU. Akatazama kadi, akanitazama mimi, akasema, "Karibu mwanangu. Umekula?" Ule uongo sikuutumia.