Kupaua upya nyumba ya familia Tabora, mita 12 kwa 9: bajeti ianzie wapi?

Mwana_Ipuli
Habarini wakuu. Nyumba ya wazazi iko Ipuli, Tabora mjini. Kuta ni mita 12 kwa 9, paa la mgongo mmoja lenye kumwaga maji pande mbili. Bati ni geji 32 (kipimo cha unene wake), limeshika kutu kwenye maungio, na papi (mbao zinazopigiliwa bati) kadhaa zimeliwa na mchwa. Ndugu tunachanga, kwa hiyo nahitaji hesabu ambayo kila mmoja ataielewa. Fundi kasema tu "bati 60, mbao tutaona huko mbele." Zitatosha? Na je, tunaweza kubadili bati mwaka huu, mbao mwakani?

Kenchi_na_Papi
Mkuu, hazitoshi. Paa halipimwi kwa ukubwa wa sakafu, linapimwa kwa mlalo wake, yaani urefu wa upande unaoteremka. Nusu ya upana ni mita 4.5, ongeza sentimita 60 za kutokeza nje, inakuwa 5.1. Kwa mwinuko wa nyuzi 20 (katikati ya paa panapanda kama mita 1.64 juu ya ukuta), mlalo unafika mita 5.43. Urefu pamoja na kutokeza pande zote mbili ni 13.2.

Bati la mita 3 likilaliana na la pili, mawili yanatosha kwa mlalo mmoja. La 3 na la 2.5 hayatoshi: linabaki lalio la sentimita 7 tu, maji yatarudi ndani upepo ukivuma. Upande wa pili wa hesabu ni upana ambao bati linafunika baada ya migongo yake ya pembeni kulaliana. Pima dukani mwenyewe. Bati linalofunika sentimita 75 linahitaji mistari 18 kila upande, bati mbili kila mstari, yaani bati 72 kwa pande zote mbili. Likifunika 70 ni mistari 19, bati 76. Ongeza mbili za akiba. Kofia (za kufunika kilele cha paa) za mita 2 zenye lalio la sentimita 15 ni 8.

Papi za inchi 2x2 kila sentimita 90: mistari 7 kwa kila upande, jumla mita 185. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo 51, na kwa kuwa maungio lazima yakae juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), nunua 56. Kenchi 11 kila mita 1.2, kila moja ikila takriban mbao 8 za 2x4: hizo 88, na 8 za kulaza juu ya kuta. Hesabu hii inategemea kuta za ndani kubeba katikati ya kenchi. Kama sebule imeachwa wazi mita 9 nzima, usitumie 2x4 kwa mbao ya chini ya kenchi, na mtu anayejua hesabu za kenchi aione kwanza.

Kuhusu mbao mwakani: usifanye hivyo. Utalipa ufundi mara mbili, na ukiling'oa bati jipya matundu ya misumari hayatakaa tena mahali pake. Kama fedha haitoshi, subirini muanze na mbao na bati pamoja.

Mwanga_Kigoma
Nyongeza kuhusu upepo, maana huku ziwani na huko kwenu dhoruba za mwanzo wa mvua ndizo zinazobeba mapaa. Kenchi ifungwe kwa ukuta kwa bendi ya chuma au nondo, si waya mwembamba pekee. Nyumba za zamani za tofali za kuchoma nyingi hazina mkanda wa zege juu, hivyo kifungio kishuke kozi (mistari ya tofali) tatu au nne ndani ya ukuta. Kiingizeni kwenye bajeti, kwani watu hukisahau kabisa.

Misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, iwe na mpira. Kwa misumari mitano kwa kila bati kwenye kila papi ni kama 1,260. Muulize muuzaji kilo moja ina mingapi.

Mbao_Kavu
Mbao kuwa ya kijani haimaanishi kwamba imetiwa dawa ya mchwa. Kata kipande mbele ya muuzaji: rangi ikiwa juu juu tu, imepakwa. Kila ncha inayokatwa kwenye kazi ipakwe dawa upya, mchwa huingilia hapo. Geji nayo isiishie kwenye maneno. Unene kwa milimita uandikwe kwenye risiti. Geji 30 inatosha kwa papi za sentimita 90.

Mwana_Ipuli
Nimeelewa, shukrani. Tuifanye kipindi gani, na akiba ya fedha kiasi gani?

Kenchi_na_Papi
Juni hadi Septemba. Mvua za Tabora huanza karibu Novemba, msiifikie Oktoba nyumba ikiwa wazi. Akiba asilimia 15, kwa sababu hali ya mbao juu ya ukuta haionekani mpaka bati lishuke. Tenga turubai, usafiri, na bodi za pembeni. Bati zikifika mapema zihifadhiwe pakavu, zikilala na unyevu zinatoka madoa meupe kabla hata hazijapanda. Fundi alipwe kwa hatua: kenchi zikisimama, papi zikimalizika, na sehemu ya mwisho baada ya mvua ya kwanza kuonyesha kama panavuja.