LED nyekundu inaizima nyeupe, nimekosea wapi?

Kijana wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya elektroniki. Bibi yangu yuko Old Moshi, umeme ukikatika usiku anatoka kwenda chooni akipapasa ukuta. Namtengenezea taa kwa betri ya bodaboda ya volti 12: LED (vile vitaa vidogo vya miguu miwili) nyeupe juu ya mlango, nyekundu kwenye ngazi. Rizista, ile ya kupunguza mkondo, ni moja, mistari yake kahawia-nyeusi-nyekundu, nimeing'oa kwenye redio mbovu. Nyeupe ikiwa peke yake inawaka vizuri. Nikiunga nyekundu pembeni yake, nyeupe inazimika palepale. Nimebadilisha nyeupe tatu, hali ni ileile. Zimeungua?

Fundi Majengo
Mdogo wangu, nyeupe zako ni nzima, usizitupe.

LED nyekundu ikishawaka, volti kati ya miguu yake hazipandi sana kupita 2. Nyeupe haiamki mpaka ikaribie 3. Umezifunga sambamba, yaani ubavu kwa ubavu, nyuma ya rizista moja, kwa hiyo nyeupe nayo inaambulia 2 zilezile. Mfongo wa huko kwa bibi, ule mfereji wa maji ya shamba, unaujua: ukingo ukibomoka chini, maji yote yanatokea hapo, toboo la juu linabaki kavu.

Ipe kila LED rizista yake. Hiyo uliyonayo ni omu 1,000. Kwa nyekundu, 12 toa 2 ni 10, gawa kwa 1,000: miliampea 10. Nyeupe itapata 9. Hizi LED za milimita 5 kwa kawaida hazitakiwi kuzidi 20, kwa hiyo uko salama hata betri ikiwa imejaa. Ila angalia rangi kwenye mwanga wa jua. Kahawia-nyeusi-chungwa ni omu 10,000, na kwa taa ya chumbani chungwa na nyekundu zinafanana mno.

Mama Kiboriloni
Kaka Fundi, na zikiwa nyeupe tupu, rizista moja haitoshi?

Fundi Majengo
Sambamba, hapana dada. Hata za pakiti moja hazilingani kabisa. Moja itabeba mkondo mwingi kuliko wenzake. Lakini ukizifunga tatu mfululizo, mguu mrefu wa hii kwenye mguu mfupi wa ile, zinakula volti 9. Zinabaki 3, weka omu 330, unapata miliampea 9. Taa tatu kwa mkondo wa moja! Kwa bibi ningefanya hivyo pale mlangoni.

Na kijana, nakuomba sana: weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na chanya ya betri. LED haiwezi kuunguza nyumba, ila betri hiyo waya zikigusana inaweza.

Kijana wa Pasua
Shikamoo Fundi. Nimefunga nyeupe tatu na 330 (chungwa, chungwa, kahawia, nimezisoma nikiwa nje), nyekundu na 1,000 yake, na fyuzi ipo. Zote zinawaka. Nimepima nyekundu kwa multimita: volti 1.9. Jana nimezipeleka. Bibi amekaa kibarazani akizitazama, kisha akaniambia nishushe nyekundu, maana nimeiweka ngazi ya pili na yeye hujikwaa ya kwanza.