Naomba ushauri: miwani ya kinga inajaa ukungu nikifyeka nyasi

Habari zenu wakuu. Nafyeka nyasi kwa mashine ya petroli hapa Tanga, na masika hii joto na unyevu vimezidi. Nikivaa miwani ya kinga pamoja na barakoa ya vumbi, dakika 10 tu vioo vimejaa ukungu, sioni hata mawe yaliyojificha kwenye majani. Kuivua naogopa kweli. Mwenzangu alishapigwa na kokoto karibu kabisa na jicho.

Nimejaribu kupaka sabuni ya maji kidogo na kufuta kwa kitambaa laini, lakini jasho likianza ukungu unarudi pale pale. Barakoa nimeibana puani, kuna nafuu ila haitoshi.

Je, miwani ya wavu wa chuma inazuia kokoto vizuri, au nitafute yenye matundu ya hewa pembeni? Na kuna dawa ya kupaka inayostahimili jasho?