Naomba ushauri: DVD ya harusi inaganda ikikaribia mwisho

Assalaam aleykum wadau. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nimechoma video ya harusi ya dadangu kwenye DVD-R (diski tupu za kurekodi mara moja) za GB 4.7. Kwenye kompyuta inacheza bila wasiwasi, ila kwenye deki ya mama inaanza vizuri, ikikaribia mwisho picha inavunjika miraba miraba, sauti inakatika, halafu inaganda kabisa. Na hapo ndipo bibi harusi anapotolewa, sasa shangazi zangu hawataki kunielewa!

Nilichoma kwa spidi ya 16x (mara 16 ya spidi ya kawaida) na diski imejaa hadi ukingoni. Nikishuka hadi 4x itasaidia, au nipunguze ukubwa wa video? Lenzi ya deki nimeshaifuta. Hewa ya chumvi ya huku naishuku, lakini mbona diski za dukani zilizorekodiwa tayari deki inazisoma zote?