Mrejesho: binti yangu na ile stika

Habari zenu ndugu. Wiki tatu zilizopita niliuliza nifanyeje baada ya kugundua binti yangu wa miaka 11 na wenzake wamegeuza picha ya mtoto mwenzao kuwa stika ya kumcheka kwenye kundi lao la mtandaoni. Wengi mlinisihi nisikimbilie kumnyang'anya simu. Asanteni sana, maana nilikuwa karibu kabisa kufanya hivyo.

Nilimwomba binti anisomee kwa sauti alichoandika kundini kuhusu mwenzake, kana kwamba mwenzake ameketi mbele yetu. Sentensi ya pili hakuimaliza, alilia. Stika akaifuta, ila nikamweleza kwamba waliokwisha kuihifadhi bado wanayo. Kesho yake alimwomba mwenzake radhi ana kwa ana, kisha akaandika kundini: "Tuache jamani, inamuumiza."

Tukapitia mipangilio pamoja: akaunti ya faragha, mahali alipo pasionekane, asiyemjua asimwongeze kwenye makundi. Kwenye akaunti yake ya mtandao mwingine alikuwa amedanganya mwaka wa kuzaliwa, kwani mtandao huo unataka miaka 13. Hiyo tumeifunga.

Hapo ndipo alinionyesha ujumbe wa mtu asiyemfahamu: "usimwambie mama." Nilitetemeka. Tulipiga picha ya skrini, tukaripoti, tukamblock. Nilipomuuliza mbona alinyamaza, akasema aliogopa nitachukua simu. Nimemwahidi kwamba akiniambia jambo, hataadhibiwa kwa kulisema.

Mama wa yule mtoto nimempigia pia. Bado ana uchungu, na namwelewa.