Wauza hedifoni, zimeni kwanza ikwalaiza kwenye simu zenu!

Wakuu, huu mchezo wa Kariakoo utaisha lini? Unaingia dukani kutafuta hedifoni za kuchomeka masikioni, muuzaji anakupigia singeli kwenye simu yake, besi inakita hadi fuvu linatikisika. Unalipa. Ukifika kwako ukachomeka kwenye simu yako, besi haipo na mwimbaji anaimbia puani.

Kumbe simu yake ina ikwalaiza imewashwa, ile mipangilio ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, na besi imepandishwa hadi mwisho! Yaani umeuziwa mipangilio ya simu ya mtu. Nilimwomba mmoja nijaribu kwa simu yangu, akanijibu, "Bosi, unanunua au unajaribu?" Kwani kiatu hatuvai kwanza ndio tulipe?

Na hayo maboksi! "Hz 20 hadi 20,000" kwa herufi kubwa, hata kwenye hedifoni za elfu tano. Hz (hezi) ndogo ni besi, kubwa ni sauti nyembamba, na huo ni upeo wa masikio ya binadamu tu. Bila kuandika sauti inapanda au kushuka desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) humo katikati, namba hizo hazikwambii kitu.

Sasa najua kuna mtu anakuja kuandika "mkuu, cheza tu na ikwalaiza." Nimecheza nayo sana. Ukipandisha Hz 60 bila kushusha sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho, wimbo unakwaruza, maana mawimbi ya sauti yanazidi kikomo cha simu, yanakatwa vichwa. Afadhali kupunguza: shusha kidogo kwenye Hz 200 hadi 300, ule uzito wa sauti kama ya ndani ya pipa unapungua. "S" zikikuchoma, shusha kidogo Hz 6,000 hadi 8,000. Ila besi ambayo kispika chenyewe cha ndani ya hedifoni hakiwezi kuitoa, ikwalaiza haitaizaa. Utaongeza mkwaruzo tu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni vile vipira laini vya kwenye ncha ya hedifoni. Kipira kisipoziba tundu la sikio vizuri, besi inavuja, hata hedifoni iwe ya laki tatu. Boksi linatakiwa kuwa na saizi tatu, wewe unakabidhiwa moja, nyingine eti "zilianguka kwenye mzigo." Ukienda kununua vipira peke yake, yule yule aliyekuambia zilianguka anakutolea mfuko mzima!

Nitajieni duka hapa Dar linaloruhusu mteja ajaribu kwa simu yake na wimbo wake, na vipira vyote vikiwemo. Wauzaji mliomo humu, msinifuate PM, jibuni hapa hapa.