Naomba ushauri: tundu la sungura na simbilisi kwenye joto la Mombasa

Ndugu zangu, nataka kutengeneza tundu la ghorofa 2: sungura 2 juu, simbilisi 3 chini. Kuwachanganya sitaki kabisa. Teke la sungura laweza kumvunja simbilisi mgongo, na sungura hubeba bakteria ya Bordetella bila kuumwa, kumbe simbilisi hupata nimonia. Sakafu ya simbilisi itakuwa mbao na nyasi kavu, maana wavu huwatia vidonda vya nyayo. Kinachonitia wasiwasi ni joto la Kaskazi. Simbilisi huanza kuzidiwa likipita nyuzi 27 hivi. Je, makuti juu ya mabati yatatosha, au niweke pia chupa za barafu? Na mkojo wa sungura niuzuie vipi usiwadondokee walio chini?